Reli Imeng'olewa, Mzee Taruma Bado Anaijua kwa Miguu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Taruma yuko hatua ya mia sita na tatu, na nyonga ya kushoto inamuuma. Hasemi kwamba inamuuma. Anataja namba tu, kwa sauti ya chini, na kwa kila namba anauvuta mguu kupita pale ambapo wenyewe ungependa kutua.

"Mia sita na nne. Mia sita na tano."

Nyuma yake wanafuata watu kama arobaini hivi. Yupo aliyetoka na taulo shingoni, yupo mwenye mswaki mdomoni, yupo mama aliyembeba mtoto ambaye bado amelala. Hakuna anayeongea, maana mke wa mzee, aliye hatua mbili nyuma ya mumewe, ameshawakemea mara mbili.

"Nyie, mtamchanganya! Anayetaka kupiga soga arudi kitandani kwake."

Wanatembea juu ya tuta la reli iliyokuwa ikipeleka watu wa vitongojini mjini, iliyofungwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Vyuma vya reli viling'olewa. Mataruma yake, zile pau nzito za chuma zilizolazwa kukingama chini ya reli, yakapakiwa kwenye malori ya wanunuzi wa chuma chakavu. Siku hizi tuta ni njia ya miguu tu, yenye vibanda huku na huku. Kilichobaki cha reli ile kimo kichwani na miguuni mwa mzee huyu wa miaka sitini na minane, ambaye majirani walimbandika jina la Taruma mpaka hata daftari la mtaa likamwandika hivyo.

Anachokitafuta ni kalavati, yaani mfereji wa mawe uliojengwa chini ya tuta ili maji ya bondeni yapite kwenda mtoni. Limefukiwa, na hakuna ajuaye lilipo. Akilikosa leo, nyumba kumi na tisa za bondeni zitabomolewa, na ya kwanza kwenye orodha ni yake.

Ilikuwaje? Waliokuja kung'oa reli walisukuma udongo na kifusi kando ya tuta ili malori yao yapite. Kalavati likazibwa, lakini maji yalipata pa kupenya, pembeni pembeni, kwenye mtaro wa wazi. Miaka sita iliyopita mtu mmoja alijenga ghala kubwa, na ukuta wake ukaufunga mtaro ule. Tangu hapo mvua ikinyesha bonde linageuka bwawa.

Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Mzee Taruma alimwambia kila mmoja wao kwamba chini ya tuta kuna kalavati.

"Nilisema, nilisema, mpaka nikaitwa redio mbovu," anasimulia huku akicheka. "Wakati tuta linavurugwa mimi nilikuwa mbali, napasua mawe machimboni. Narudi baada ya miaka minane, nakuta vibanda, maghala, vifusi. Pa chini pamekuwa juu, pa juu pamekuwa chini. Ningeonyesha kidole wapi?"

Sasa anaishi kwa kuzibua mitaro ya mtaa. Hulipwa kwa kutwa, ujira ambao kwa maneno yake unatosha unga, sabuni na nusu ya sukari. Nusu nyingine ya sukari hutoka kwenye cherehani ya mkewe.

Mwaka huu manispaa ilileta mhandisi mpya, binti wa miaka ishirini na tisa anayebeba buti zake za mpira kwenye mfuko wa plastiki. Alikuja na habari mbaya. Nyumba zote kumi na tisa zipigwe alama ya X nyekundu na kubomolewa kabla ya mvua, kisha pachimbwe mtaro mpya katikati ya bonde. Michoro ya zamani ya reli haikupatikana. Faili lake lilihamishwa ofisi mara tatu, na mara ya nne halikufika.

Siku ya kupiga alama, mhandisi alifika kwa Mzee Taruma koo limemkauka, akaomba maji. Akanywa, akakaa, akauliza.

"Mzee wangu, hilo kalavati watu wanalosema unalijua, liko wapi hasa?"

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili."

"Elfu moja nini?"

"Mataruma, mwanangu. Kutoka mwisho wa jukwaa la stesheni."

Mzee anasema swali lile lilimtoa machozi, na hana haja ya kuficha. "Miaka yote nasubiri mtu aniulize hivyo. Namshukuru sana yule binti. Wengine waliniuliza kama nina hati ya kiwanja."

Sasa, namba ile ilitoka wapi? Mzee Taruma aliajiriwa reli akiwa na miaka ishirini na saba, kwenye genge la watu wanane la kutunza njia. Kazi yao ilikuwa kutembea na nyundo ndefu, kugonga, kukaza boliti, kushindilia kokoto. Vibao vya umbali vilikuwa vimeliwa na kutu. Kwa hiyo mnyapara wao, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliwalazimisha kukariri kila daraja na kila kalavati kwa hesabu ya mataruma. Kila asubuhi kabla ya chai aliwapanga mstari na kuwauliza mmoja mmoja.

"La kwanza?" mzee anamuiga, kidevu juu. "Elfu moja mia nne na kumi na mbili! La pili? Elfu mbili na themanini! Ukikosea, wiki nzima chai ya wenzako unapika wewe, na masufuria unaosha wewe. Mimi nilikosea mara moja tu. Nikaungua mkono, nikasema basi, yaishe."

Na kwa kuwa mtu wa genge hutembea akikanyaga taruma baada ya taruma, hatua za wote wanane zikawa za kipimo kimoja. Wakiwa kazini ni hivyo, wakiwa sokoni ni hivyo hivyo.

"Ulimjua mtu wa genge kwa mwendo," anasema mkewe. "Siku ya harusi yetu waliingia wote wanane kama askari wa gwaride, na wala hawakuwa wamepanga. Mama yangu akaniuliza, mwanangu, unaolewa na jeshi?"

Mkewe naye ni mtu wa reli ile, kwa upande wa abiria. Alikuwa akifua mashuka hospitalini, na kila siku alipanda treni ya saa kumi na mbili na dakika ishirini. Treni ikipita, watu wa genge walisogea kando na kuinua nyundo zao kumsalimu dereva.

"Mimi nikadhani yule kijana wa mwisho ananisalimu mimi," anasema, akijifunika uso kwa kitambaa anachoshona. "Nikawa nampungia mkono, jamani, kila siku! Wiki ya tatu abiria mwenzangu akaniambia, dada yangu, hapo anasalimiwa dereva."

Aliona haya, akahamia upande wa pili wa behewa. Siku mbili baadaye kijana wa genge alipanda treni kwa tiketi halali kabisa, nguo za kazi zimejaa grisi. Akapita behewa moja baada ya jingine mpaka akampata, akamuuliza mbele ya watu wote, "Dada, mbona siku hizi hunisalimu?"

"Reli ile imenipa mke, imenipa watoto watatu, imenipa kiwanja," anasema mzee. "Niilaumu kwa lipi?"

Hata habari ya kufungwa kwa reli haisimulii kwa uchungu. Ijumaa moja karatasi ilibandikwa kwenye dirisha la tiketi: huduma imesitishwa hadi mtakapotangaziwa. Abiria waliisoma, wakaguna, wakaenda kutafuta mabasi. Genge lilikuwa kilomita nne mbele likikaza boliti, na hakuna aliyekumbuka kuliambia. Jumatatu walifika kazini. Jumanne pia. Kwa wiki tatu nzima walikaza, wakashindilia, wakafyeka nyasi, wakidhani treni imeharibika tu na itatengenezwa.

"Njia haijawahi kuwa nzuri vile!" Mzee anacheka mpaka anajishika mbavu. "Imenyooka, inang'aa, unaweza kuilalia. Halafu anakuja karani na baiskeli anatuuliza, nyie bado mko hapa? Ndio tukajua kibarua kimeota nyasi, na sisi tumeshinda tunazifyeka."

Kiinua mgongo kilinunua kiwanja cha bondeni, na baadaye matofali ya kufikia kwenye linta. Kutoka linta kwenda juu, anasema, ni mawe ya machimboni na macho ya mkewe kwenye cherehani. Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Dirisha la sebuleni linatazama tuta.

Basi wiki tatu kabla ya asubuhi hii, mzee alisimama mwisho wa jukwaa la stesheni, akapiga moyo konde, akaanza kuhesabu. Alitembea kwa madaha, mwendo wake ule ule wa harusini, mitaa yote ikimtazama. Elfu moja mia nne na kumi na mbili ikaangukia kwenye kona ya uwanja wa mpira. Mhandisi akapiga alama ya chokaa, vijana wa bondeni wakashika majembe.

Walichimba siku mbili, mpaka aliyekuwa shimoni haonekani kichwa. Walipata kiatu kimoja, chupa na udongo mwekundu.

Watu hawakumtukana mzee, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walimpa pole. Fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana mita kama mia moja mbele ya pale, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mzee wa watu kashachoka. Tumwache apumzike."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," mzee anakumbuka. "Na shimo lilikuwepo tayari!" Anacheka, kisha anaacha. "Siku ile sikula. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba namba imenitoka kichwani na mimi mwenyewe sijui. Kama hiyo imetoka, nyingine je? Nyumba inakwenda, na mimi ndiye niliyewatia watu matumaini."

Kesho yake alikwenda kwa msusi mwenye saluni karibu na iliyokuwa stesheni. Msusi huyo ni binti wa mnyapara, ambaye sasa ni marehemu. Mzee alimkuta akisuka mteja. Alisimama mlangoni, hakubisha hodi wala hakusalimu.

"La kwanza?" akauliza.

Msusi hakuinua hata kichwa. "Elfu moja mia nne na kumi na mbili," akajibu, vidole vikiendelea na kazi. Ndipo akashtuka, akageuka. "He! Baba mdogo! Umenikumbusha mbali. Baba alikuwa akituuliza hayo mezani, hugusi chakula mpaka ujibu."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja akalia. Mteja, mwenye kichwa kilichosukwa nusu, naye akalia bila kujua analilia nini.

Namba, kumbe, ilikuwa sahihi. Mzee alirudi nyumbani mbio mbio akampa mkewe habari. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Baba watoto," akasema, "kama namba ni ile ile na stesheni ni ile ile, basi kilichobadilika ni wewe. Zamani tukienda sokoni nilikuwa nakukimbilia nyuma. Siku hizi nakusubiri."

Mzee anajipiga paja akisimulia. "Hatua yangu imefupika, na miguu haikuniambia! Mimi najiona bado yule yule."

Akakumbuka jambo. Pale kwenye jukwaa la zamani wauza viatu walikuwa wamepanga meza zao tangu wiki ile ile reli ilipofungwa, na wenye malori walishindwa kuwaondoa. Chini ya meza hizo, ndani ya vumbi na vipande vya ngozi, yalikuwa yamebaki mataruma arobaini. Wauza viatu walisogeza meza bila kinyongo. Mzee akayapita kwa mwendo wake wa kawaida, na mkewe akamhesabia. Hatua arobaini na tano.

Hatua tano zaidi, kwa mataruma arobaini tu! Kwa elfu moja na mia nne, walikuwa wamechimba mbali kabisa na mahali penyewe.

Hapo ndipo alipoanza shule upya. Kwa siku kumi, asubuhi na jioni, Mzee Taruma alikwenda na kurudi juu ya mataruma yale arobaini, akiulazimisha mguu urudi kwenye kipimo chake cha ujana. Wauza viatu wakageuka walimu. "Mzee, hilo umekanyaga ukingo! Rudia!" Jioni mkewe alimkanda nyonga kwa maji ya moto na kumwambia kwamba hajaona mwanafunzi mkaidi kama huyo. Siku ya tisa alifumba macho, akatembea, na kila hatua ikatua katikati ya chuma.

Mhandisi naye hakukaa bure. Alipima kwa tepu nafasi kati ya taruma na taruma, akapata sentimita sabini, akazidisha, akapata mita mia tisa themanini na nane na ushee. Akaenda kwa wakubwa wake kuomba katapila kwa mara ya mwisho. Alipewa la asubuhi moja, mpaka saa sita mchana. Likiondoka halirudi, na litakalofuata ni la kubomoa.

Asubuhi yenyewe ni hii.

Mzee amepita elfu moja. Jasho linamtiririka mashavuni. Mbele kidogo njia inapinda kulia, na hapo mwendo wake unabadilika, hatua zinakuwa fupi kidogo. Watu wanatazamana. Mhandisi anamsogelea.

"Umechoka, mzee wangu? Tupumzike?"

Mzee anatikisa kichwa, midomo ikiendelea na hesabu. Kona inaisha, mguu unanyooka tena, na sasa kila hatua anaguna.

"Elfu moja mia nne na kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili."

Anasimama. Ananyoosha mkono wa kushoto, chini ya tuta. "Hapa."

Chini ya tuta, pale pale, ni uwanja wa karakana ya fundi wa kuchomelea, wenye sakafu ya zege aliyoimwaga miezi mitatu iliyopita. Alama ya chokaa ya mhandisi, iliyowekwa kwa tepu, iko mita tisa mbele, mahali palipo wazi pasipo na chochote.

"Mzee!" Fundi ameshika kiuno. "Dunia yote hii, sakafu yangu?"

"Tepu inasema kule," anasema mhandisi taratibu, na uso wake unaonyesha kwamba angependa iwe kule.

"Tepu yako ni nzuri, mwanangu, ila haijui kona," anajibu mzee, akihema. "Kwenye kona mataruma hulazwa karibu karibu, la sivyo treni ingeisukuma njia ikatoka nje. Wewe umezidisha kwa sabini mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kona si sabini. Muda wote ule sikuwa nimechoka, nilikuwa nayakanyaga yalipolala."

Mhandisi anaitazama karatasi yake. Katapila linanguruma. Shimo ni moja tu, ama kwenye chokaa, ama kwenye zege.

"Niliogopa," alikiri baadaye kwa gazeti hili. "Nikichimba kwenye chokaa nikakosa, nitajitetea kwa hesabu. Nikivunja sakafu ya mtu nikakosa, nitajitetea na nini? Na mzee alishakosea mara moja."

Wakati anawaza hayo, fundi ameingia karakanani mwake na kutoka na nyundo kubwa ya kupasulia. Mama mmoja anapiga ukelele. Watu wanadhani kuna ugomvi. Fundi anafika katikati ya sakafu yake, anaigeukia hadhara.

"Mataruma mnayoyatafuta, mimi ndiye niliyeyakata," anasema. "Nilikuwa na miaka ishirini. Wenye malori walinipa mtungi wa gesi, nikayakata wiki mbili. Mzee huyu anajua. Tumekuwa majirani miaka yote hii, hajanisema hata siku moja. Na mimi juzi nikasimama mbele za watu nikasema kachoka." Anamgeukia mzee. "Mzee wangu, nisamehe."

Anainua nyundo, analipiga zege pigo la kwanza yeye mwenyewe.

Mzee Taruma, alipoulizwa kama kweli alijua, aliinua mabega. "Niliambiwa. Alikuwa kijana anatafuta maisha, kama mimi nilivyokuwa. Ningemsema ili iweje?"

Kuanzia hapo ni kelele za mashine na vumbi. Saa mbili inapita, saa tatu inapita. Mkewe amemletea mzee kiti cha saluni, zawadi ya msusi aliyefunga kazi kwa siku hiyo, na amesimama nyuma yake mikono ikiwa mabegani mwa mumewe. Udongo unatoka mwekundu, kisha mweusi. Saa tatu na dakika arobaini meno ya katapila yanakwaruza kitu kigumu, na dereva anazima mashine bila kuambiwa.

Mhandisi anashuka shimoni na buti zake. Anafuta udongo kwa viganja. Linatokea jiwe lililochongwa, kisha la pili limeinama kando yake, kisha la tatu. Ni tao. Chini ya tao ni giza, na kutoka gizani inakuja harufu ya maji yaliyolala.

Kelele zilizopigwa hapo, waliokuwa mbali walidhani kuna moto. Fundi anamkumbatia dereva wa katapila. Mhandisi amekaa shimoni kwenye tope na suruali yake ya ofisini, anacheka na kulia. Mzee Taruma hapigi kelele. Anaegemeza kichwa kwenye tumbo la mkewe, analia kama mtoto.

"Asante, mnyapara," anasema. "Asante, bwana mkubwa. Asante kwa masufuria yote yale."

Kazi ya kulizibua ilichukua siku sita. Mwenye ghala, baada ya barua mbili za manispaa, alitoboa ukuta wake maji yapate pa kutokea. Sakafu ya fundi imerudishwa, na katikati yake sasa kuna mifuniko mitatu ya zege. Yeye huwaonyesha wateja kwa majivuno kwamba karakana yake ndiyo pekee yenye kalavati ndani. Alama za X zimefutwa kwenye nyumba zote kumi na tisa. Ya Mzee Taruma aliifuta mhandisi mwenyewe, kwa rangi nyeupe isiyolingana na ukuta, na mzee amekataa irekebishwe.

Njia ile ilikuwa na makalavati kumi na manne. Yamebaki kumi na matatu, na vitongoji vingine viwili vinafurika kila mwaka. Manispaa imempa mzee mkataba wa miezi mitatu, wa kwanza kuutia sahihi tangu reli ifungwe, atembee na mhandisi na kuweka jiwe la alama kila mahali. Msusi ameahidi kufuatana nao Jumatatu, siku yake ya mapumziko, ili namba zihakikiwe na watu wawili.

"Nataka nimalize kabla nyonga haijagoma," anasema mzee. "Zile namba zisije zikafukiwa pamoja na mimi. Na nimemwomba yule binti mhandisi jambo moja. Genge letu tulikuwa wanane, saba wameshatangulia. Kila jiwe, upande wa nyuma, aandike: genge la watu wanane. Hata nisipokuwepo, mtu atajua walikuwepo watu hapa."

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, saa tisa alasiri.

Kwa miaka sita nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Wingu likifunga tu, mke hupandisha godoro juu ya meza, cherehani huwekwa kitandani, na mfuko wa nyaraka hutundikwa kwenye msumari karibu na dari. Alhamisi hiyo alifanya hivyo hivyo. Mikono haikumwuliza. Kisha wote wawili wakasimama mlangoni, wakitazama uwanja wao.

Maji yalikuja, mengi, ya rangi ya chai. Yakazunguka uwanjani, yakagusa ngazi ya kwanza. Mke akamshika mume mkono. Maji yakatulia kidogo, yakapinda, yakaanza kuelekea kwenye tuta, kwanza polepole, kisha kwa kasi, yakibeba majani na makopo ya watu.

"Yanaondoka," akasema mke. Akarudia. "Baba watoto, yanaondoka!"

Mzee alibaki mlangoni. Alisubiri nusu saa, akasubiri saa nzima. Akainama akapapasa sakafu ya sebuleni kwa kiganja, kona hadi kona. Ilikuwa kavu. Ndipo akaenda mezani, akalishusha godoro mwenyewe, akalitandika kitandani, akajilaza na nguo zake za kazi huku mvua ikipiga bati kwa nguvu zake zote.

Mwandishi alikuwa bado na maswali. Mkewe alimzuia mlangoni, kidole mdomoni.

"Miaka sita, mvua ikinyesha huyu bwana hakai, hali, hasemi," alinong'ona. "Njoo Jumatatu, utamkuta kazini. Leo mwache, mwanangu. Mwache alale mvua ikinyesha."